Nani Anasoma, Nani Anaitikia?

Darasa la kwanza likisoma kwa pamoja husikika hadi barabarani. Mwalimu anaelekeza kijiti ubaoni, ba, be, bi, bo, bu, na watoto themanini wanaitikia kwa nguvu zao zote. Mpita njia anaweza kuapa kwamba wote wanajua kusoma. Mwalimu mzoefu haapi. Anajua kwamba ndani ya sauti ile wamo wanaosoma kweli, wamo wanaokumbuka wimbo wa jana, na wamo wanaofuata midomo ya jirani, nyuma kidogo tu, kiasi kwamba sikio halitambui. Asichokijua, na si kosa lake, ni nani yumo katika kundi gani.

Kumjua mmoja mmoja kunataka muda. Kipimo cha kusoma kinachotumika katika nchi nyingi, Tanzania ikiwemo, humkalisha mtoto mbele ya mtu mzima mwenye saa mkononi. Mtoto anasoma herufi kwa dakika moja, halafu silabi au maneno, halafu kifungu kifupi, kisha anajibu maswali. Ukihesabu na maelekezo, mtoto mmoja anachukua kama robo saa. Watoto themanini ni saa ishirini za kazi, na muda wote huo hakuna anayefundishwa. Kwa sababu hiyo kipimo hicho hufanywa kwa kuchagua shule chache, kila baada ya miaka kadhaa, na matokeo yake hukaa kwenye ripoti. Kilipofanyika nchini mwaka 2013, wanafunzi wa darasa la pili walioweza kusoma kwa ufasaha na kuelewa hawakufika mmoja kati ya kumi. Habari hiyo iliwashtua wakubwa, na mtaala wa KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, ulianza kufundishwa mwaka 2015. Faida ilikuwepo. Lakini hakuna mwalimu wa Mkuzi au Kicheba, huku kwetu wilayani Muheza, mkoani Tanga, aliyeambiwa na ripoti ile kwamba mtoto wa dawati la tatu, karibu na dirisha, hajui tofauti ya m na n.

Hapa ndipo inapoingia habari njema ninayotaka kuieleza, bila kuipamba. Utafiti wa miaka mingi, katika nchi na lugha mbalimbali, umeonyesha kwamba mchezo mfupi uliotengenezwa kwa uangalifu unaweza kupima ujuzi wa awali wa kusoma kwa namna inayokaribiana na kipimo cha mtu mzima mwenye saa. Nasema inayokaribiana, na nasema ujuzi wa awali: kutambua herufi, kuihusisha herufi na sauti yake, kuunganisha silabi, kutambua neno fupi. Kuelewa hadithi ni jambo jingine, na nitalifikia.

Mchezo wenyewe ni mwepisi. Mtoto anasikia sauti, tuseme /m/. Herufi nne zinashuka kwenye kioo. Anagusa moja. Akipata, kuna kijimlio cha furaha na sauti nyingine inafuata. Akikosa, herufi sahihi inabaki na nyingine zinapungua. Kwa mtoto ni mchezo tu. Nyuma yake programu inaandika kila kitu: aligusa ipi, baada ya muda gani, na alipokosa alivutwa na herufi gani. Kwa kuwa herufi ni nne, mtoto anayebahatisha atapata mara moja katika kila nne, kwa hiyo jibu moja sahihi halina uzito wowote. Uzito huja sauti ileile inaporudi tena na tena kati ya nyingine, leo na kesho, naye anaipata kila mara, tena kwa haraka. Baada ya miguso mia kadhaa, kazi ya siku chache za dakika kumi kumi, programu ina picha nzuri ya kile mtoto anachokijua, anachosuasua nacho na asichokijua kabisa. Michezo iliyo bora zaidi hubadilika papo hapo: mtoto akishinda mfululizo anapewa kigumu, akishindwa anarudishwa chini, ili asichoke wala asikate tamaa.

Elimu hii ilipatikana polepole. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, huko Finland, watafiti walianza kuwafuatilia watoto wapatao 200 tangu kuzaliwa, nusu yao wakitoka katika familia ambamo mzazi alikuwa amepata shida kubwa ya kusoma. Waliwapima mwaka baada ya mwaka hadi wakaingia shule na kuendelea. Walipotazama nyuma kutafuta dalili zilizowatangulia watoto waliokuja kukwama, waliziona mapema kuliko walivyotarajia. Idadi ya herufi ambazo mtoto alizijua kabla ya kuanza shule ilikuwa miongoni mwa dalili zilizoagua vizuri zaidi. Nyingine ilikuwa uwezo wa kuchezea sauti za maneno kwa mdomo, kabla ya herufi yoyote. Kutokana na matokeo hayo wakatengeneza mchezo wa kompyuta wa sauti na herufi, kwanza ili uwafundishe watoto walio hatarini kukwama, kisha wakagundua kwamba kumbukumbu za mchezo zenyewe zinaeleza nani anaelekea kukwama. Mchezo huo baadaye ulihamishiwa katika lugha nyingine nyingi na kujaribiwa hata Zambia na Kenya.

Kwa nini Kifini kitusaidie sisi? Kwa sababu, kama Kiswahili, kinasomwa kama kilivyoandikwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 uliwalinganisha watoto wa lugha kadhaa za Ulaya mwishoni mwa mwaka wao wa kwanza wa kujifunza kusoma. Wafini, Wagiriki na Wajerumani walisoma kwa usahihi karibu maneno yote ya kawaida waliyopewa. Waliojifunza kwa Kiingereza walipata kama theluthi moja. Hawakuwa na akili haba, walikuwa na tahajia ngumu. Mtoto wa Muheza ana irabu tano zisizobadilika na silabi zinazoishia kwa irabu karibu zote. Akishaishika kanuni, mlango umefunguka, na kwa hiyo kupima kanuni hiyo kwa mchezo kuna maana zaidi kwetu kuliko kwa Mwingereza.

Lakini tusijidanganye kwamba kila kitu ni rahisi. Chukua neno chungwa, ambalo hakuna mtoto wa Muheza asiyelijua kwa mdomo, maana wakati wa msimu malori hujaa mitaani. Anayejua ba be bi bo bu atafika ukingoni mwa neno hilo na kusimama. Kuna ch, herufi mbili kwa sauti moja. Kuna ngwa, konsonanti tatu zilizobebana kabla ya irabu. Vivyo hivyo mbwa, nyanya, ng'ombe. Watoto wengi waliosifiwa kwa kujua herufi zote huangukia hapa, katika darasa la pili, na kiitikio cha darasa huwaficha vizuri sana. Mchezo unaotenga n, ny, ng na ng' huwafichua ndani ya siku chache, tena bila fimbo na bila kuitwa mbele.

Jaribio kubwa la michezo ya aina hii halikufanyika Ulaya wala Marekani. Lilifanyika mkoani Tanga. Mwishoni mwa mwaka 2017 shindano la kimataifa lenye jumla ya zawadi ya dola milioni 15 lilipeleka vishikwambi katika vijiji vya mkoa huu, vipatavyo 170, kwa watoto karibu 3,000. Wengi wao hawakuwa shuleni. Timu tano zilizofika fainali zilikuwa zimetengeneza programu za Kiswahili za kujifunzia kusoma, kuandika na kuhesabu, na vijijini viliwekwa vituo vya sola vya kuchajia, akina mama wakiviangalia. Watoto walipimwa mwanzoni na mwishoni na watu wa nje, kwa kipimo cha kawaida cha ana kwa ana. Mwanzoni zaidi ya tisa kati ya kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019 timu mbili ziligawana zawadi kuu ya dola milioni 10, na programu za timu zote tano zikawekwa wazi zitumiwe na yeyote.

Matokeo hayo yasomwe kwa macho mawili. Jicho moja linaona mamia ya watoto waliojifundisha kusoma chini ya mwembe, bila mwalimu. Jicho la pili linaona kwamba baada ya miezi 15 na fedha zote zile, karibu nusu bado hawakuweza kusoma neno. Mashine haikuwaokoa wote. Kwangu mimi, hata hivyo, lenye thamani kubwa ni jambo ambalo magazeti hayakulishughulikia: vishikwambi vile vilihifadhi kumbukumbu za jinsi watoto walivyovitumia. Mtu anayepitia kumbukumbu za namna hiyo haoni tu nani alifika. Anaona nani alikwama, lini, na kwenye silabi gani.

Kwa watu wa Muheza wazo la kupima kabla ya kutibu halipaswi kuwa geni. Wilaya hii imeishi na utafiti wa malaria kwa vizazi. Zamani kila homa ya mtoto ilikuwa malaria na kila malaria ilipewa dawa ileile. Leo mhudumu wa zahanati anatoboa kidole kwanza, anatazama kipimo, kisha anaamua, na mtoto mwenye kichomi hapotezi siku tatu akinywa dawa ya malaria. Shuleni bado tuko kwenye enzi ya zamani. Mtoto asiyesoma huitwa mzito, na dawa ni moja: arudie darasa, au achapwe, au asukumwe mbele hadi amalize shule ya msingi. Wakati mwingine tatizo lake ni herufi sita tu.

Wakati mwingine tatizo si herufi. Mama mmoja mmoja atakuwa ameona kwamba mwanawe anachanganya s, f na sh, na kudhani ni uzembe. Sauti hizo ni nyembamba na za juu. Mtoto ambaye sikio lake limetoa usaha mara kwa mara anaweza kuzikosa. Mchezo ukionyesha kwamba anashindwa kwenye sauti za kundi hilo tu, huku nyingine anazipata, hiyo ni sababu ya kumpeleka hospitali ya wilaya akaangaliwe masikio. Mchezo hautoi jina la ugonjwa, wala usiachiwe kazi hiyo. Unampa mama neno la kumwambia daktari.

Mkulima wa machungwa au wa karafuu huko milimani Amani ana shida nyingine. Msimu ukichanganya, watoto hupotea darasani wiki mbili tatu, wakirudi darasa limeshasonga. Mwalimu hana namna ya kujua kila mmoja aliachia wapi. Dakika kumi za mchezo kwa siku chache zinamwonyesha. Hilo halihalalishi kumtoa mtoto shule akachume, na ningependa lisisomwe hivyo. Linapunguza tu hasara ya jambo ambalo kwa sasa lipo.

Na mvuvi wa Kigombe, pwani? Mara nyingi ndiye mwenye simu ya kioo nyumbani, naye hulala mchana simu ikiwa mfukoni. Baadhi ya michezo hii hufanya kazi bila bando ikishapakuliwa. Baba akimpa mtoto simu robo saa kabla ya magharibi, akakaa naye na kutazama anapokosea, atakuwa amejua zaidi juu ya usomaji wa mwanawe kuliko alivyoambiwa kwenye ripoti ya muhula. Akimwachia simu jioni nzima na kuondoka, atakuwa amemfunza kutazama vibonzo. Miongozo ya afya ya kimataifa ya mwaka 2019 inataka watoto wa miaka miwili hadi minne wasizidishe saa moja ya kioo kwa siku, na iliyo pungufu ya hapo ni bora.

Kuna tahadhari ambazo watengenezaji wa programu huzitaja kwa sauti ndogo. Mtoto ambaye hajawahi kugusa kioo hushindwa mwanzoni kwa sababu ya kioo, si ya herufi. Apewe siku za kuchezea kwanza, na alama za siku hizo zitupwe. Pili, watoto wetu hawachezi peke yao. Kishikwambi kimoja huzungukwa na vichwa vinne, na dada anasukuma kidole cha mdogo wake. Kwa kujifunza ni jambo zuri mno, kwa kupima ni balaa, maana kumbukumbu inakuwa ya mtoto ambaye hayupo. Wakati wa kupima, mmoja akae pembeni.

Kubwa kuliko hizo ni matamshi. Programu nyingine humtaka mtoto asome kwa sauti nayo isikilize. Huko milimani watoto wanakua na Kisambaa, kwingine ni Kibondei au Kizigua, pwani kuna Kidigo na Kiswahili cha wenyeji chenye lafudhi yake. Mtoto aliyepita chuoni kwa maalimu hutamka dh na gh bila taabu, mwenzake wa bara husema zahabu badala ya dhahabu na gali badala ya ghali. Mashine iliyofundishwa kwa sauti za watu wazima wa mjini itawahukumu vibaya wote waliobaki, nao wanasoma sawasawa. Kosa la matamshi si kosa la kusoma. Mwalimu wa hapa anajua tofauti hiyo bila kuambiwa. Mashine bado.

Halafu kuna kuelewa. Kwa kuwa Kiswahili husomeka kwa urahisi, mtoto anaweza kuisoma aya nzima kwa mdomo mzuri asijue imesema nini, hasa kama nyumbani anaongea lugha nyingine. Mchezo wa kugusa herufi utampa alama za juu. Anayegundua ni mtu anayemuuliza, "Sasa huyo sungura alikwenda wapi?" na kusubiri jibu.

Mwaka 2022 vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti viligawiwa kwa walimu baada ya kazi kwisha, kwa hiyo vifaa si ndoto tena, ingawa kimoja kwa mwalimu si kimoja kwa mtoto. Pakiwa na kifaa kimoja, wapimwe wachache kila siku wakati wengine wanaandika, na kidogo kidogo darasa zima litapimwa. Majina na alama za watoto ziwe mali ya shule na mzazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu watoto pia, na anayeleta mchezo wa bure aulizwe taarifa zinakwenda wapi.

Na pasipo na kifaa wala umeme? Kinachopima ni mchezo, kioo hakilazimiki. Visoda ishirini vilivyoandikwa herufi kwa kalamu ya wino mzito, vimemwagwa kwenye jamvi, vinafanya kazi ileile: mwalimu anatamka, mtoto anaokota, mwalimu anatia alama kwenye daftari, na pembeni anaandika aliokota nini alipokosea. Safu hiyo ya pembeni ndiyo yenye siri yote. Kasoro ni kwamba tu mkono wa mwalimu ni mzito kuliko programu, na daftari halijumlishi lenyewe.

Pwani tuna hata kipimo cha sauti kisichohitaji visoda. Watoto wa Kiswahili wamekuwa wakisema kinyume tangu zamani, wakichukua silabi ya mwisho na kuitanguliza ili wakubwa wasiwaelewe: chungwa likawa ngwachu, mama ni mama tu na hapo wote hucheka. Edward Steere, mmishonari wa Unguja, alikiona kinastahili kuwekewa mifano katika kitabu chake cha lugha cha mwaka 1870. Anayeweza kugeuza neno hivyo anaweza kulikata silabi kichwani, na ndio uwezo uleule ambao watafiti wa Finland waliuona ukitangulia kusoma. Bibi anayecheza kinyume na wajukuu kibarazani anawaandaa, na akitega sikio anawapima.

Kama kinyume kinaagua usomaji wa mtoto wa Kiswahili vizuri kama mchezo wa kwenye kioo, hilo ni swali linaloweza kujibiwa hapahapa Muheza na mwanachuo wa ualimu aliye kwenye mazoezi ya kufundisha. Awapime watoto wa darasa la awali kwa kinyume na kwa visoda mwezi Februari, aandike majina na alama, afunge daftari. Novemba mwaka unaofuata, wakiwa darasa la kwanza, mtu mwingine ambaye hakuziona alama zile awapime kusoma kwa njia ya kawaida, robo saa kila mmoja. Kisha daftari mbili ziwekwe pamoja.